Kombe la hakathoni halilipi kodi ya nyumba

Kama unasoma chuo kikuu na unalala Umoja, Kayole au Dandora, bila shaka unamjua jamaa huyu. Labda ni wewe mwenyewe. Alishinda shindano la ubunifu akiwa mwaka wa tatu, akapigwa picha na hundi ya kadibodi iliyo kubwa kuliko mlango wa nyumba yao. Leo amefuzu. Kombe liko juu ya kabati, kifaa alichounda kiko chini ya kitanda, na yeye anasaka kazi yoyote, hata ya kuuza laini za simu.

Usimcheke. Hakukosa akili wala bidii. Alikosa mteja wa kwanza, na hakuna aliyemsaidia kumtafuta.

Hapo ndipo misaada mingi kwa timu za vyuo inapokosea. Tunafunzwa kuwashawishi majaji, na majaji hawanunui. Wanaonunua ni mama mboga wa Kayole, fundi wa Kamukunji, makanga wa Jogoo Road na mwenye duka anayekopesha mtaa mzima hadi mwisho wa mwezi.

Tuseme timu yenu imeunda programu ya simu ya kumsaidia mama mboga kuhesabu mali yake. Programu inamtaka aandike kilo. Lakini yeye hauzi sukuma kwa kilo, anauza kwa fungu, na fungu hupungua au kuongezeka kulingana na bei aliyoikuta Marikiti alfajiri. Tena kuna wateja wanaobeba leo na kulipa kesho. Mambo hayo huyapati kwenye maabara. Utayapata ukikaa naye kibandani siku tatu, umshikie kisu akatekate mboga huku ukimuuliza maswali.

Mifano tunayo hapa hapa. Kabla ya 2014, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia, vyuo vya Marekani, kuchora njia za matatu za jiji hili. Walipanda matatu zenyewe, simu mkononi, wakinakili vituo njiani. Ramani ikatolewa 2014, data ikaachwa wazi kwa yeyote, na mwaka uliofuata Google ikaingiza njia hizo kwenye ramani zake. Haukuwa mradi wa kuuza kitu. Lakini ulipata watumiaji kwa sababu ulianzia stejini, si kwenye slaidi.

Hata M-Pesa haikuzaliwa jinsi unavyoijua. Majaribio yalipoanza 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo la Faulu kulipa madeni yao madogo kwa simu. Watu wakaigeuza, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiiendesha walikuwa na masikio. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, iliuza kile ambacho watu walishaonyesha wanakitaka.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi wakaliunda, na 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani yakitembea. Hayakuwahi kuingia sokoni, kwa kuwa pesa za kuyaunda kwa wingi zilikosekana. Kuunda kitu kinachofanya kazi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni nani atakilipia, na kwa bei gani.

Utaniambia: sawa, lakini nikizunguka Kayole miezi sita nikiongea na wateja, nitakula nini? Swali hilo ni zito kuliko yote. Mwenzako ambaye kwao kuna uwezo anaweza kujaribu, akaanguka na kujaribu tena. Wewe ambaye mama alikulipia karo kwa mitumba ya Gikomba unatarajiwa nyumbani na pesa mwezi ujao. Ndiyo maana mawazo ya watoto wa Eastlands hufa mapema, na si kwamba ni mabaya.

Kwa hivyo wanaotaka kusaidia, kuanzia vyuo vyenyewe hadi Shirika la Kitaifa la Ubunifu, KeNIA, wabadilishe mambo matatu.

Kwanza, zawadi moja nono igawanywe. Timu ipewe nauli na pesa za chakula za kukaa sokoni, kisha ilipwe zaidi ikileta wateja kumi waliotoa pesa mfukoni. Pili, mafundi wa jua kali walipwe kama washauri. Fundi wa Kamukunji anayepiga bati kila siku atakuonyesha jinsi ya kupunguza gharama ya kifaa chako, lakini hawezi kufunga kazi yake bure kwa sababu ya mradi wako. Tatu, chuo kinachokusifu jukwaani kiwe mteja wako. Kina mabweni, jikoni, zahanati na bili za stima na maji. Kama chuo chako hakiwezi kununua ulichounda, kwa nini mgeni anunue?

Nawe fanya sehemu yako. Kabla ya kupanda jukwaani na kuanika kila kitu, omba sera ya chuo kuhusu umiliki wa ubunifu, kwa maandishi. Pitia taasisi ya KIPI uulize kuhusu hataza, ambayo hulinda uvumbuzi kwa miaka 20, na pia kinga ya maboresho madogo, ambayo hudumu miaka 10. Andikeni mapema nani kwenye timu anamiliki nini, kwa sababu urafiki wa bweni huisha pesa zikiingia.

Kisha Jumamosi hii, acha laptopu nyumbani. Shuka stejini, chagua mtu mmoja ambaye unadhani umetatua shida yake, umuulize angelipa shilingi ngapi. Akikwambia hata kumi hatoi, usikasirike. Hilo ndilo jibu ambalo majaji hawakukupa, na umelipata kwa nauli tu.