Filamu ya Maruge Isiwe Mwisho wa Somo

Wahenga walinena kuwa kizuri hakikosi ila. Ndivyo ilivyo filamu ya The First Grader, iliyotoka mwaka 2010 kusimulia maisha ya Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mnamo Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Katika shule zetu za Meru na Embu, filamu hii yafaa kuonyeshwa. Lakini yafaa pia kuhojiwa.

Sifa zake si haba. Mwelekezi, Justin Chadwick, aliipigia papa hapa Kenya, na madarasani akawaweka watoto wa shule halisi ya mashambani badala ya waigizaji waliofunzwa. Oliver Litondo, Mkenya mwenzetu, anamwigiza Maruge kwa utulivu wenye heshima. Aidha, lipo tukio moja ambalo mwalimu hatalisahau upesi. Mzee anachonga penseli yake darasani, na mara anakumbuka jinsi watesi wake kizuizini walivyomdunga sikio kwa penseli iliyochongwa. Pasipo hotuba yoyote, mtazamaji anaelewa ni gharama gani mzee yule alilipa kabla ya kushika penseli ya kwanza maishani mwake.

Hata hivyo, filamu imempunguza Maruge. Imemfanya mkiwa aliyepoteza jamaa zake, ilhali Maruge wa kweli alikuwa na wajukuu wapatao 30, na wawili kati yao walisoma katika shule iyo hiyo. Watunzi walitaka tumlilie mpweke. Wakaiacha furaha adimu ya babu anayekwenda shule moja na wajukuu wake.

Isitoshe, kisa kimekatizwa mapema. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa Maruge kwake, akaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, na bado akaendelea kwenda shuleni. Baadaye alihamia Nairobi, akafariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza darasa la nane. Filamu yagusia uhasama wa kikabila, lakini yatuaga kwa ushindi. Haituonyeshi kuwa mtu aliyeteswa na mkoloni alikuja kufukuzwa kwake katika nchi huru aliyoipigania. Hilo ndilo somo chungu zaidi, na ndilo vijana wetu wanalolihitaji.

Ila ya tatu yatuhusu sisi wa upande huu wa Mlima Kenya. Mtazamaji anaweza kudhani kuwa Mau Mau ilikuwa habari ya Wakikuyu pekee. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaandama Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa pamoja. Miongoni mwa viongozi wa msituni walikuwamo Musa Mwariama na Baimungi Marete, wote wa Meru. Kambi za Mwea, ambamo mahabusu walipigwa ili wakiri kiapo, zilikuwa wakati ule katika Wilaya ya Embu; na mahabusu hao ndio waliotumikishwa katika kuchimba mifereji ya mashamba ya mpunga.

Hatudai kwamba filamu isiyofika saa mbili ingeweza kuyabeba hayo yote. Kosa litakuwa letu tukiwaonyesha wanafunzi filamu, tukapangusa machozi, kisha tukasema historia imekwisha kufundishwa. Mwalimu na awaulize: ni nini kimebadilishwa, na kwa nini? Ni nani ameachwa nje?

Kisha awatume nyumbani na daftari. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1954 leo amepita miaka 90, na wengi wa rika lake wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Maneno ya waliobaki yaandikwe kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere jinsi wayasemavyo, yafasiriwe kwa Kiswahili, na yahifadhiwe katika maktaba za shule. Kazi hiyo haihitaji kamera ya gharama wala fedha za ng'ambo. Yahitaji mwalimu mwenye nia, mwanafunzi mwenye adabu ya kusikiliza, na haraka.

Maruge alikwenda shuleni uzeeni kutafuta alichonyimwa utotoni. Shule nazo ziwaendee wazee wetu wangali hai.