Makosa ya kompyuta kwenye Sacco yasahihishwe, yasifutwe

KATIKA soko la Katito, eneobunge la Nyakach, ambako barabara ya Kendu Bay huchepuka kutoka ile ya Kisumu kuelekea Kisii, mchuuzi wa samaki hahitaji tena kupanga foleni mbele ya karani ili aweke akiba. Hutuma fedha kwa simu, na programu ya hesabu ya Sacco yake huziandika yenyewe kwenye leja. Mwisho wa mwezi, programu iyo hiyo huwakata wanachama wote ada na marejesho ya mikopo kwa mkupuo mmoja.

Urahisi huo una hatari yake. Karani wa zamani aliyeteleza kalamu aliharibu mstari mmoja. Kompyuta ikikosea, huharibu akaunti za watu wote kabla chai haijapoa.

Tuchukue mfano. Sacco yenye wanachama 300 inakusudia kumkata kila mmoja Sh2,000 za mkopo, lakini faili ya makato inaingizwa mara mbili. Sh600,000 zinatoka katika akiba za watu kinyume cha mapatano. Karani aliyeshikwa na hofu hukimbilia kulifuta kundi zima la maingizo, akidhani kwamba ameyamaliza.

Hapo ndipo matatizo huanza. Huenda, kabla ya kosa kugunduliwa, mwanachama mmoja alionekana amemaliza deni na wadhamini wake wakaachiliwa. Mwingine huenda alipewa mkopo mpya. Maingizo yakifutwa, mambo hayo yote yanabaki yakielea. Isitoshe, mchuuzi wetu ana ujumbe kwenye simu unaoonyesha kwamba alikatwa mara mbili, ilhali leja inaonyesha mara moja tu. Wakifika mbele ya kamati, nani ataaminiwa?

Jibu la taaluma ya uhasibu ni la kale kuliko kompyuta: ingizo baya halifutwi, bali huandikwa jingine la kulipindua, la kiasi kile kile upande wa pili wa leja, likiwa na tarehe ya siku ya marekebisho na maelezo ya sababu. Wakenya wanaujua utaratibu huu kupitia M-Pesa. Anayetuma fedha kwa nambari isiyo sahihi huomba zirejeshwe kupitia 456. Zikirejeshwa, muamala mpya huandikwa na ule wa kwanza hubakia. Na iwapo aliyezipokea amekwisha kuzitumia, kuzirejesha huwa kazi ngumu.

Kwa hivyo, Sacco makini kwanza husimamisha kazi ya programu na kuhifadhi nakala ya hesabu zote. Kisha hutumia nambari ya kundi kuorodhesha kila akaunti iliyoguswa, na kuchunguza yaliyofuata katika kila moja. Marekebisho hujaribiwa kwenye nakala hiyo, huidhinishwa na mtu mwingine asiye yule aliyeyaandaa, na hufanywa mara moja tu, maana kulipindua kosa mara mbili ni kuzaa kosa jipya. Hatimaye urari hulinganishwa na fedha zilizoko benki. Ikiwa hesabu za mwezi husika zimekwisha kufungwa, marekebisho huandikwa katika mwezi uliopo.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu tu watazame Uingereza. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vya posta walipatikana na hatia kwa kutegemea hesabu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Mnamo 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro, na kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Fujitsu waliweza kubadilisha hesabu za vituo wakiwa mbali, bila wasimamizi kujua. Bunge lilifuta hukumu hizo kwa sheria mnamo 2024, lakini wengine walikuwa wamefungwa jela, na wengine wamefariki.

Hapa nyumbani, imani ya wanachama imetikiswa tangu ukaguzi uliotangazwa 2025 kuhusu KUSCCO, muungano wa Sacco nchini, kuonyesha hasara ya takriban Sh13.3 bilioni na hesabu zilizopotoshwa. Katika hali kama hiyo, kosa la kweli lililofutwa kimyakimya halitofautiani na wizi machoni pa mwenye akiba.

Katiba, katika Kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kusahihishiwa taarifa zisizo za kweli zinazomwathiri. Mwanachama asingoje msiba. Katika mkutano mkuu, aulize: nani anaweza kubadilisha leja, nani humwidhinisha, na je, alama ya mabadiliko hubaki? Kamati isiyoweza kujibu haifai kukabidhiwa programu hiyo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linaloweza kufutwa kwa kitufe kimoja nalo si daftari.