Zau, msiba gani huo hauna watu?

Haya wandugu, leo siandiki habari za bumu wala za sapu. Leo nina ugomvi na gemu. Tena gemu ninalolipenda, nimelimaliza mara mbili kwenye laptopu ya rumu meti wangu mpaka feni ikawa inalia kama mashine ya kusaga, kwa hiyo asije mtu hapa kusema sijui ninachoongea.

Gemu lenyewe ni Tales of Kenzera: ZAU. Kwa ambao hawajalisikia: lilitoka tarehe 23 Aprili 2024, limetengenezwa na Surgent Studios, studio ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Huyo jamaa mnamjua hata kama jina limewapita. Ndiye aliyempa sauti Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017, na kwenye House of the Dragon ndiye Alyn. Alifiwa na baba yake, akaamua kutengeneza gemu kuhusu majonzi hayo. Desemba 2023 alipanda jukwaani kwenye The Game Awards kulitangaza, akamzungumzia baba yake mbele ya dunia nzima. Mimi niliitazama ile video nikanyamaza muda mrefu.

Hadithi iko hivi. Kijana Zuberi amefiwa na baba, mama yake anampa kitabu alichokiandika marehemu. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana, naye kafiwa na baba vilevile. Zau hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa kifo, wanafanya biashara: nikuletee roho tatu kubwa zilizokukimbia, wewe unirudishie Baba. Basi hapo ndipo unaanza kuruka, kupigana na kupanda milima.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gemu ni zuri kulitazama kupita maelezo. Rangi zimemwagwa kama vitenge dukani, milima ya zambarau, misitu ya kijani, majangwa mekundu. Zau ana vinyago viwili: cha jua anapiga karibu kwa moto, cha mwezi anapiga mbali kwa barafu, na unabadilisha katikati ya mapigano kama mtu anayecheza ngoma. Ukichoka unakaa chini ya mbuyu unatafakari, unaamka na nguvu zaidi. Na kubwa kuliko yote, unaweza kulicheza likiongea Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza niliyobadilisha lugha nikasikia Kiswahili kinatoka kwenye spika niliita hosteli nzima. Watu walikuja na ndala mguu mmoja.

Sasa ugomvi.

Zau yuko peke yake. Hilo ndilo linaloniuma. Kafiwa na baba, na muda wote wa gemu mwenzake ni Kifo chenyewe. Njiani anakutana na watu wachache, kila mmoja na lake, wanaongea kidogo, kisha kijana anaendelea na safari yake na Kalunga anamhubiria. Wapi turubai? Wapi sufuria? Wapi wale wamama wanaofika na kuni kichwani kabla hata hujajua nani kawaambia?

Niwaambie kitu ambacho wengine hapa mnakijua maana mlichangia nauli. Mwaka wa kwanza, chuo hata hakijachangamka, baba mdogo alinipigia simu. CR akapitisha daftari darasani, jioni nikawa na hela ya basi. Nikafika hapa Nkende asubuhi na baridi ya Tarime ile mnayoisikia tu, nyumba imejaa watu. Watu wengine sikuwajua. Kuna mzee aliyekuwa na kesi na marehemu ya mpaka wa shamba, hawajasalimiana miaka. Alikuja. Alikaa nje kwenye moto na wazee wenzake mpaka tulipomaliza mazishi, hakuongea kuhusu shamba hata neno moja. Vijana wa mtaani walichimba kaburi kwa zamu na wakagombania koleo. Na mimi, mwenye msiba, kila nikitaka kukaa niangue kilio changu vizuri, mtu ananiuliza chumvi iko wapi. Jamani, chumvi! Nilikasirika wakati ule. Ila ile chumvi ndiyo iliyonifanya niinuke pale chini.

Sasa gemu linalosema limetoka kwenye hadithi za Kibantu, linamchukua mtoto aliyefiwa na kumwacha milimani bila mtu hata mmoja wa kumuuliza chumvi iko wapi, huo ni msiba wa wapi? Mimi simfundishi Abubakar Salim kulia. Msiba ni wake, baba ni wake, na gemu limeonyesha wazi kwamba lilimtoka moyoni. Lakini huu mtindo wa kijana mmoja anayepambana na huzuni yake ndani ya kichwa chake, kila bosi ni hisia moja, ukiua bosi umemaliza hisia, huo tumeusoma darasani kwenye ushauri nasaha. Unanukia zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969. Na hata yeye hatua zile alizipata kwa kuwasikiliza wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa, halafu dunia ikazibeba ikawavika wafiwa. Kalunga akianza kuongea nilikuwa najiona niko kwenye kipindi cha saikolojia ya elimu saa nane mchana, tumbo limejaa wali maharage. Anaeleza kila kitu. Zau ana hasira: Kalunga anatuambia Zau ana hasira. Zau anaogopa: tunaambiwa anaogopa. Ticha yeyote anajua, ukimpa mwanafunzi jibu kabla hajafikiri umemnyima somo.

La pili ni hicho Kibantu chenyewe. Wanaposema Kibantu mimi Mkurya nakaa mkao wa kula, si ni sisi? Haya, zile roho tatu ni nani? Impundulu, ndege wa radi, sawa, huyo ni wa Waxhosa na Wazulu, ni ndugu zetu wa mbali. GaGorib? Huyo ni wa Wakhoikhoi, na Wakhoikhoi lugha yao si ya Kibantu kabisa, walikuwa kusini mwa Afrika kabla Wabantu hawajafika. Kikiyaon, yule bundi mkubwa? Huyo ni wa huko Senegal na Gambia, Afrika Magharibi, na huko nako Kibantu hakipo. Kwa hiyo katika roho tatu, mbili si za Kibantu. Yaani ni kama umekaribishwa pilau ya Pwani, unafunua sahani unakuta nusu yake ni fufu. Fufu ni tamu, sikatai, ila usiniambie pilau.

Na mimi sisemi wasichanganye. Gemu ni ndoto, changanya unavyotaka. Ninachokataa ni kutuuzia Afrika nzima kwenye chungu kimoja halafu jina la mbele liandikwe Bantu kwa kuwa linasikika vizuri kwenye trela.

Halafu kuna hili, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kidogo. Kila Zau akiua adui anapata pointi za kuongezea ujuzi, na pointi hizo zinaitwa Ulogi. Ulogi! Mswahili gani asiyesikia kuloga humo ndani? Mlozi ni mchawi. Mganga ni yule unayemkimbilia mlozi akikufanyia mambo. Hao ni maadui. Sasa mganga wetu Zau anazunguka anaokota ulogi ili awe mganga bora zaidi, wapi na wapi? Ni sawa na daktari anayepandishwa cheo kwa kukusanya malaria. Mtu aliyeko London anaona ni jina la kupendeza tu. Huku Kanda ya Ziwa neno hilo si la kupendeza, kuna bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya kushukiwa hilo neno, na macho mekundu ya moshi wa jikoni ndiyo yalikuwa ushahidi. Hilo lingegeuzwa likawa kisa kizito mno ndani ya gemu: mganga kijana anayeogopa kwamba nguvu anazokusanya zinamgeuza mlozi. Hebu fikirieni. Kamaliza baba, sasa mama wa jirani anaanza kumkwepa. Hapo ningekaa mpaka asubuhi. Lakini Ulogi kwenye gemu ni namba tu pembeni ya skrini.

Mapigano sina mengi. Ni matamu saa za mwanzo, baadaye ni yaleyale, adui mwenye ngao ya bluu mpige na mwezi, mwenye ngao ya rangi ya chungwa mpige na jua, basi. Na kudondoka kwenye miiba ni kufa hapohapo. Rumu meti wangu alinihesabia vifo sehemu moja ya kukimbizwa, akaacha kuhesabu kwa huruma.

Najua mtakachosema. Nimeshaambiwa tayari, tena kwa ukali: "Ticha, watu wametuletea gemu kwa Kiswahili na wewe unaponda? Unapewa cha bure unadai chenji?" Kwanza si cha bure. Lilipotoka lilikuwa dola 19.99, zaidi ya elfu hamsini ya kwetu, na haliko kwenye PS4, ni PS5, Xbox mpya, Switch na kompyuta. Nendeni vibanda vya gemu Tarime mjini, kila kimoja ni mpira, PS3 na PS4 zilizochoka, mia tano mechi moja. Watoto wanaoongea Kiswahili cha Zau asubuhi hadi jioni wanacheza mpira wenye mtangazaji wa Kiingereza. Sisemi hilo ni kosa la studio ndogo. Nasema tu tusijidanganye kwamba limetufikia.

Pili, kuna watu waliolishambulia gemu hili mwaka 2024 kwa ubaguzi mtupu, kwa sababu tu mhusika ni mweusi. Salim aliwajibu hadharani, na akashusha bei mpaka dola 14.99 ili wengi zaidi wacheze. Kwa hilo nilisimama nikampigia makofi chumbani peke yangu. Mimi na hao wabaguzi hatukai meza moja. Lakini tukinyamaza sisi tunaolipenda, wanaobaki kulisema ni hao tu, na wale wa upande wa pili wanaosifia kila kitu kwa huruma. Gemu lilipata kuteuliwa kwenye The Game Awards 2024 kipengele cha magemu yenye ujumbe kwa jamii, na Aprili 2025 likachukua tuzo ya BAFTA. Ni mtu mzima huyu, anaweza kuambiwa ukweli.

Na kuna sababu ya kusema sasa. Studio ilipata shida, Julai 2024 ikapunguza wafanyakazi zaidi ya kumi, Oktoba timu nzima ya magemu ikaambiwa kazi ziko hatarini. Wakatangaza wanatafuta fedha za gemu jingine katika ulimwengu huuhuu wa Kenzera, wameliita Project Uso, na hilo sasa ni gemu la kuigiza mhusika hasa, la kuchagua na kubeba matokeo. Mwaka 2025 wakatoa kwanza Dead Take, gemu la kutisha la mambo ya Hollywood. Uso bado.

Basi mimi nina ombi kwenye hiyo Uso. Kisa cha baba na mwana tunacho sebuleni, tena cha pwani ya Kenya kabisa: Fumo Liyongo. Shujaa asiyeingia chuma, mwanawe mwenyewe anarubuniwa na mfalme, anampeleleza baba siri ya kifo chake, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anafia vilevile. Mji mzima unashindwa kuteka maji kwa kumwogopa maiti aliyepiga goti! Wanamwendea mama yake awasaidie kumtuliza. Mnaona? Hapo kuna msiba, kuna usaliti, kuna mji wenye kiu, kuna mama. Hakuna hata bosi wa kumuua. Nicheze nikiwa yule mwana, baada ya sindano, natembea nyumba kwa nyumba katika mji unaojua nilichofanya, nachagua niseme nini kwa bibi yangu. Na kila mlango ninaofungua kuna mtu, kuna moto, kuna mtu ananiuliza chumvi iko wapi.

Anayeona Liyongo hafai kuwa gemu aje Nkende tubishane, niko hapa mpaka chuo kifunguliwe. Ila aje na laptopu yake, hii ya rumu meti feni imeshakata.