Neno la Mhariri: Kitabu cha Anayeuguza

Toleo hili limebebwa na kitenzi kimoja: kuuguza. Kimetoka kwenye kuugua, na aliyewahi kukaa wiki tatu kando ya kitanda cha mzazi anajua kwa nini lugha imeviweka karibu hivyo. Anayeugua na anayeuguza hawapishani sana kwa usingizi, kwa hamu ya chakula wala kwa hofu ya usiku. Lakini jina lililozaliwa na kitenzi hicho, muuguzi, limekwenda kwa mtu mwingine, mwenye sare, cheti na zamu. Yule anayemgeuza baba yake usiku kule Ulaya au Zombo, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, anayefua mashuka kwa maji ya ndoo na kumlisha uji kijiko kwa kijiko, amebaki bila jina la kwake. Hospitali humwita ndugu wa mgonjwa. Miradi humwita mlezi, mwangalizi, mtoa huduma. Mtaani watu husema tu, "Siku hizi hatoki, anauguza."

Ndiyo maana ni rahisi kupata mwongozo wa mhudumu wa afya au mtaala wa muuguzi kwa Kiswahili, lakini kitabu cha mtu huyu utakitafuta hadi uchoke. Hoja ya toleo hili ni kwamba kitabu hicho kiandikwe, kiandikwe na anayeuguza, na kabla hakijafika mtambo wa uchapaji kisomwe kwa sauti mbele ya wanaouguza.

Tumfikirie mwandishi wake. Ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Kilosa, sasa yuko Mikumi karibu na barabara kuu iendayo Zambia, na mumewe alipigwa na kiharusi akapooza upande wa kulia. Kitabu chake kimo ndani ya kaunta buku lililokunjika pembe, na huandikwa kwa vipande. Saa nane usiku humgeuza mzee alalie ubavu wa kushoto, huweka mto katikati ya magoti, hukagua visigino na mfupa wa nyonga, kisha huketi na tochi ya simu kuandika mpaka saa kumi, wakati wa kumgeuza tena. Kila baada ya saa mbili, ndivyo alivyofundishwa, ili vidonda vya kulalia visipate nafasi. Mwaka 1981 Nancy Mace na Peter Rabins wa Marekani walitoa kitabu kwa familia zinazouguza wazee waliopoteza kumbukumbu, na katika jina lake wakaipa siku saa 36. Anayeuguza hahitaji kufafanuliwa jina hilo.

Katika saa mbili hizo ndipo mwandishi huyu anapogundua jambo ambalo mwandishi mwingine asingeligundua. Vitabu vingi vya ng'ambo humwambia msomaji kwamba dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni wekundu wa ngozi. Ngozi ya mzee wa Kisagara au Kividunda haionyeshi wekundu kwa urahisi. Mahali kidonda kinapoanza huwa peusi zaidi ya ngozi iliyopo jirani, hupata joto, hukakamaa au hulegea ukipagusa. Anayesubiri wekundu atasubiri mpaka ngozi ichanike. Sentensi moja iliyotafsiriwa kwa uaminifu kabisa inaweza kumponza mgonjwa wa Mikumi, na aliyeitafsiri asijue.

Halafu kuna kijiko. Maji ya chumvi na sukari ya kumpa anayeharisha, pale ambapo pakiti za dawa hazipatikani, huchanganywa hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vijiko vidogo vya chai vilivyosawazishwa juu. Mwandishi akiandika "kijiko" bila zaidi, shangazi aliyekaa mkekani akisikiliza rasimu atauliza, "Mwanangu, kijiko kipi? Cha chai au cha wali?" Atauliza pia lita ni kiasi gani kwa mtu mwenye kikombe na sufuria tu. Akitumia kijiko kikubwa cha chumvi, dawa imegeuka hatari, hasa kwa mtoto. Kosa la chapa katika riwaya humwaibisha mwandishi. Katika kitabu hiki, kosa la namna hiyo linaweza kuua.

Kwa hiyo jirani asiyejua kusoma ni mhariri, na binti wa darasa la saba anayemsomea bibi yake ni mhariri pia. Shirika la Hesperian, lililochapisha kitabu cha David Werner ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari, limejijengea desturi ya kupeleka rasimu kwa vikundi vya wanajamii kabla ya kuchapisha. Kitabu hicho chenyewe kilianza kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Mexico, kikasambaa duniani baadaye. Kilitoka kijijini kwenda mjini, na ndiyo njia ambayo vitabu vyetu vya afya havijaizoea.

Waandishi wa aina hii Afrika Mashariki imewahi kuwazaa. Noerine Kaleeba alikuwa mkuu wa chuo cha fiziotherapia katika hospitali ya Mulago, Kampala, pale mwaka 1986 alipopata habari kwamba mumewe Christopher, aliyekuwa masomoni Hull, Uingereza, yu mahututi. Ulikuwa UKIMWI. Alimfuata, akamuuguza, akarudi naye nyumbani, akamzika Januari 1987. Mwaka huohuo yeye na wenzake, 16 kwa jumla, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, na wengi wa wenzake hao walikuwa wenyewe wana virusi. Kitabu chake, We Miss You All, kilitoka mwaka 1991. Katika miaka ile minne alikuwa mjane, mama wa watoto na kiongozi wa shirika linalopokea wagonjwa ambao wengine walikuwa wakifukuzwa. Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba, lakini kilichoyapa maneno yake uzito ni kwamba aliwahi kukaa upande wa pili wa kitanda.

Mkoani Morogoro kwenyewe upo mfano wa namna nyingine. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, wakati wagonjwa wengi walikuwa wakitengwa kwa kuogopwa kuambukiza, na wengine wakiungua kwa kuanguka kwenye moto wa jikoni. Kazi yake inastahili heshima kubwa, na kumbukumbu zake alizichapisha Kanada mwaka 1979. Lakini zilitoka kwa Kiingereza. Mama wa Kipogoro aliyekuwa akimwondoa mwanawe motoni yumo ndani ya simulizi la aina hiyo kama mhusika, si kama msomaji.

Na kama kuna anayedhani mwanamke kuandika mafunzo akiwa kwenye ugonjwa ni jambo geni kwetu, amkumbuke Mwana Kupona. Alitunga utendi wake yapata mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwita bintiye alete wino na karatasi. Miaka michache tu baadaye akafariki.

Haja ya kitabu hiki haitapungua. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na Dar es Salaam, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulikuta kwa mwaka wagonjwa wapya wa kiharusi 109 kwa kila watu 100,000 Hai na 316 Dar es Salaam, tofauti za umri zikishasawazishwa. Wengi wanaonusurika kifo hurudi nyumbani na ulemavu. Kilosa ina chuo cha maafisa tabibu, Mikumi ina Hospitali ya Mtakatifu Kizito, na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Ni hatua njema. Hata hivyo mhudumu hupita, akaaga, akaenda nyumba ya pili. Anayebaki ni mke, binti, mjukuu. Huyo hana semina.

Anayo maswali ambayo ni mtu wa hapa tu angeyawaza. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani, wakaishi kwenye mahema. Asiyeweza kuinuka unambebaje maji yakiingia? Kadi ya kliniki na dawa vikae wapi ili visiende na maji? Sura hiyo haimo katika vitabu vya ng'ambo.

Kwa upande wa uchapishaji, milango inajulikana. Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki ina sheria yake ya mwaka 1999 na ofisi yake, COSOTA. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inapita Kilosa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, hivyo mswada unaweza kupelekwa mjini na mwenye nao akarudi siku hiyohiyo. Siku hiyo moja ndiyo ngumu: nani atamgeuza mzee? Mwandishi wa namna hii huhitaji mtu wa kumpokea kazi ya kitandani kuliko anavyohitaji kompyuta, na mchapishaji anayesema anamtaka aanze kwa kuuliza hilo.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, imeinua riwaya, ushairi, hadithi za watoto na tamthiliya, na washindi wamechapishiwa vitabu. Gazeti hili linaomba paongezwe nafasi moja kwa kitabu cha maarifa ya nyumbani kilichoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Linaomba pia wachapishaji wakitoe kwa herufi kubwa, kwa picha za watu wa hapa, na kwa bei ambayo mtu anayeuguza, ambaye mara nyingi ameacha kibarua, anaweza kuimudu.

Kwa wasomaji wa Kilosa, Mikumi, Kidatu na Gairo kuna ombi jingine. Tuandikieni neno mnalotumia kwenu, kwa Kiswahili, Kisagara, Kikaguru, Kividunda au lugha yoyote, kumwita anayeuguza nyumbani. Tutayachapa yote katika toleo lijalo.