Nguvu ya Mota Ikiongezwa, Kinga Nazo Ziongezwe



Katika karakana ndogo hapa Uganda zimo mashine za kuchonga chuma ambazo mafundi huziita milingi. Nyingine zina mota ndogo ya robo tatu ya kilowati. Kisu kikikutana na chuma kigumu, mkanda huteleza au mota husimama. Basi mwenye karakana hutafuta mota kubwa zaidi, na pamoja nayo hununua inveta, yaani kisanduku cha umeme kinachoiwezesha mota ya njia tatu kufanya kazi kwa umeme wa njia moja, na kubadili mwendo wake kwa kugeuza kitufe tu.

Jambo hilo hatulipingi. Mashine nzuri ni faida kwa fundi pia. Tunachopinga ni desturi ya kufunga mota mpya Jumamosi na kumwambia fundi aanze kazi Jumatatu, bila kinga, bila mafunzo na bila mazungumzo.

Kwanza, tuangalie nguvu yenyewe. Mota ya robo tatu ya kilowati inayozunguka mara 1,400 kwa dakika hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 5 hivi. Mota ya kilowati moja na nusu, kwa mwendo uleule, hutoa 10 hivi. Zamani kisu kikinasa, mkanda uliteleza na hasara ikaishia kwenye kipande cha kazi. Sasa kisu kikinasa huweza kuvunjika, au kuking'oa kipande kutoka kwenye jiliwa na kukirusha. Anayesimama mbele ya jiliwa ni fundi.

Pili, mwendo. Kisu cha hai-spidi chenye kipenyo cha milimita 20, kikichonga chuma laini kwa mita 25 kwa dakika, hutakiwa kuzunguka mara 400 tu kwa dakika. Kazi ya namna hiyo hutaka nguvu katika mwendo wa polepole, na nguvu hiyo huletwa na puli na mkanda au gia. Lakini wako wanaoondoa puli za kupunguza mwendo wakidhani inveta itafanya yote. Hilo ni kosa. Inveta ikishusha mwendo wa mota mpaka robo, uwezo wa mota nao hushuka mpaka robo au chini yake. Tena feni ya kupoza mota, kwa kuwa imefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, hupuliza kidogo. Mota hupata joto, mwishowe huungua. Hapo ndipo tunaposikia kwamba fundi ameunguza mota, naye anakatwa mshahara. Aliyeamua kuondoa puli ni mwingine, anayelipa ni fundi!

Tatu, umeme. Sote tunajua kuwa umeme hukatika na kurudi. Unaporudi, mashine isianze yenyewe mpaka fundi abonyeze swichi, maana huenda mkono wake uko kwenye kisu. Inveta nyingine zinaweza kupangwa zianze zenyewe. Mpango huo ni lazima ufungwe. Zaidi ya hayo, kapasita zilizo ndani ya inveta hubaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa baada ya swichi kuu kuzimwa. Mtu asiifungue kabla ya muda ulioandikwa na mtengenezaji kwisha, na kabla ya kupima.

Nne, malipo. Mota ikiongezwa mara mbili, wapo waajiri wanaotaka na idadi ya vipande iongezwe mara mbili. Hesabu hiyo si ya haki. Chukua kazi ya dakika 60, ambayo dakika 40 ni za kufunga kipande, kupima na kubadili kisu, na 20 tu ni za kuchonga. Hata uchongaji ukichukua nusu ya muda wa zamani, kinachookolewa ni dakika 10, yaani sehemu moja ya sita ya kazi yote. Mikono ya fundi haikufungwa mota mpya.

Sheria ziko upande wetu. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani (I.L.O.), wa mwaka 1963, unasema mfanyakazi asitakiwe kutumia mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe mashine salama pamoja na maelezo na mafunzo. Mwaka 2022 I.L.O. iliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za wafanyakazi.

Kwa hiyo, kabla mota haijabadilishwa, wawakilishi wetu wadai haya:

1. Mwajiri akutane na mafundi wanaotumia mashine hiyo, nao wasikilizwe.
2. Kinga ya kisu na ya mkanda ifungwe, na swichi nyekundu ya kusimamisha iwe karibu na mkono.
3. Waya wa ardhi upimwe na fundi umeme mwenye ujuzi.
4. Mwendo wa juu kabisa usipite ule unaostahimiliwa na beringi za spindo, na uandikwe kwenye mashine.
5. Mafunzo yafanyike katika saa za kazi, kwa malipo.
6. Idadi mpya ya vipande ipangwe kwa makubaliano, baada ya muda wa kazi kupimwa mbele ya mwakilishi.
7. Mota ikiungua kwa sababu ya ufungaji mbaya, fundi asikatwe hata senti.

Haya si madai makubwa. Bei ya kinga ya bati na swichi moja ni ndogo mbele ya bei ya mota. Kidole kilichokatika hakina duka linalokiuza. Mwajiri aliyepata fedha za kununua nguvu hawezi kusema amekosa fedha za kumkinga anayeitumia.