Pesa ifike kabla ya mvua

Kwamba wakulima wanahitaji mafunzo, sina ubishi. Huku Ruiri, upande mkavu wa Meru, matuta na samadi tunavijua. Kinachotuangusha ni majira. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Mkopo wa pembejeo ukitoka Novemba, mkulima ameshapanda mbegu ya kuokoteza, na deni atalipa vilevile.

Mpango wa kilimo cha nafaka wa KCEP-CRAL, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na IFAD pamoja na serikali yetu, ulitumia njia nzuri ya kuwafikishia pembejeo wenzetu wa Embu. Mkulima alitoa mchango wake, ruzuku ikaingia kwenye kadi ya benki, naye akachukua mbegu na mbolea kwa agroveti aliye karibu. Mchango wake uliongezwa msimu hadi msimu ili azoee kujitegemea. Mafunzo, duka na benki vilikwenda pamoja.

Hata hivyo, kadi yenye pesa iliyochelewa haioteshi mahindi. Kwa hiyo wafadhili na kaunti wapange bajeti kwa kalenda ya mvua: pembejeo ziwe dukani Septemba, na marejesho yaanze baada ya mavuno, si mwezi unaofuata mkopo.