Kabla ya Arusha, Pitia Biharamulo

Jamani wenzangu wa uzamivu, tuambiane ukweli: wengi wetu hatujui kuwasilisha. Naanza na mimi mwenyewe. Kongamano langu la kwanza nilipewa dakika 15, nikaenda na slaidi 38. Nikasoma mapitio ya maandiko, nikasoma nadharia, nikasoma mpaka fomula ya sampuli. Mwenyekiti aliponionyesha karatasi ya "dakika 2" nilikuwa bado kwenye mbinu za utafiti. Matokeo niliyoyahangaikia miezi saba Ngara na Biharamulo niliyapitisha mbio kama basi lililochelewa. Makofi yakapigwa, swali halikuulizwa hata moja, na mimi nikadhani nimefanya vizuri!

Utafiti wangu unahusu mnyauko wa migomba, ambao Kagera wanauita unyanjano na uliobainika mkoani humo mwaka 2006. Unaenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, na unaenezwa na panga: ukikata mgomba mgonjwa kisha ukahamia mzima, umeuhamisha ugonjwa kwa mkono wako. Ushauri wa wataalamu ni kuondoa ua dume kwa mti wenye panda, na kulichoma panga motoni au kulisuuza kwa JIK kabla ya kugusa shina jingine.

Niliporudi kijijini Biharamulo kutoa mrejesho hapakuwa na projekta. Tulikaa nje ya ofisi ya mtendaji, nikaanza: "Utafiti huu ulilenga kuchunguza..." Bibi mmoja akanikatiza. "Mjukuu wangu, hayo ya kulenga yaache. Umeona nini?"

Nikajikuta nimesema kwa pumzi moja kile ambacho slaidi 38 zilishindwa: ushauri mnaujua, ila wengi hamlichomi panga. Akacheka. "Panga lenyewe naazima kwa jirani. Kibarua naye anakuja na la kwake, katokea shamba la mwenzangu. Na nikiwasha moto kila mgomba, kuni nitazitoa wapi?"

Dodoso langu lilikuwa na kurasa tisa. Hapakuwa na swali hata moja la kuuliza panga ni la nani.

Ndiyo maana nasema wasilisho la kwanza liwe kwa watu uliowahoji, kabla ya Arusha au Nairobi. Ukishajibu "umeona nini?" mbele yao, unajua slaidi ya kwanza iwe ipi: matokeo. Nadharia ipewe dakika moja, inatosha. Jedwali lisilosomeka kutoka kiti cha nyuma litoe, usituombe radhi kwalo. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Lile jibu letu la "hilo liko nje ya mawanda ya utafiti" kila mtu ukumbini anajua maana yake.

Wapo watakaosema kongamano la kitaaluma si mkutano wa kijiji. Kweli, maprofesa watataka takwimu, na wapewe. Lakini nilipowasilisha mara ya pili nilianza na panga la kuazima, na maswali yalikula muda wa chai.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Ngara imehojiwa sana. Mwaka 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, nyuma yao walikuja watu wa madaftari, na wameendelea kuja. Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama na mimi ni wa wale wanaoandika na kuondoka. Nilikuwa na fomu ya ridhaa mkononi, ameshaisaini. Sikuwa na jibu.

Mwezi uliopita nimejaza fomu ya chuo ya kuomba fedha za kuwasilisha. Ina nafasi ya tiketi ya ndege, hoteli na ada ya ushiriki. Nauli ya basi kwenda Ngara niliiandika pembeni kwa kalamu. Mhasibu ameniita leo kuuliza hilo kongamano la Ngara linaitwaje.